Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Msimwage Sufuria Kabla ya Kupima

Mheshimiwa Waziri,

Watu wakianza kuhara mtaani, wa kwanza kushukiwa ni mama wa viazi karai. Kanjo, askari wa kaunti, wanafika, sufuria inamwagwa, kibanda kinafungwa. Huenda kosa ni lake. Huenda pia ni ukwaju alioununua kwa mwingine, au maji ya mkokoteni. Lakini chakula kikishamwagwa mtaroni, ushahidi umekwenda nacho.

Tazama Afrika Kusini. Kati ya 2017 na 2018 listeria, ugonjwa wa bakteria wa kwenye chakula, iliua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Kuwahoji wagonjwa pekee hakukutosha, maana ugonjwa huo huweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, na nani anakumbuka alichokula mwezi jana? Januari 2018 watoto wa chekechea moja Soweto waliugua tumbo. Kinyesi chao kikapimwa, na poloni, aina ya soseji nene, iliyokuwa kwenye friji ya shule ikapimwa pia. Njia ikaelekea kiwandani, Polokwane. DNA (vinasaba) ya bakteria wa humo ilikuwa ya aina ya ST6, ileile iliyokutwa kwa wagonjwa walio wengi. Fikiria kama wangekamata wauza mikate wa mitaani!

Bakteria akijigawa, watoto wake hurithi DNA karibu ileile. Kwa hiyo wagonjwa wawili wasiojuana, mmoja Likoni na mwingine Kisauni, wakiwa na bakteria wa DNA inayolingana, yaelekea walikula kutoka chanzo kimoja. Marekani wana mtandao wa maabara wa kazi hii, PulseNet, tangu 1996. Zamani walilinganisha michirizi ya vipande vya DNA. Siku hizi husoma DNA nzima.

Mashine hatuhitaji kununua. Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei, wataalamu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, walisoma vinasaba vya virusi vya korona. Kinachotakiwa kwetu ni makubaliano nao, chupa za sampuli na barafu. Sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla mgonjwa hajameza antibiotiki (wengi wetu hukimbilia Flagyl dukani, ambayo bakteria wa salmonela hawaiogopi). Bakteria wanaooteshwa hospitalini watunzwe, wasitupwe. Na bwana afya atangulie kibandani, achukue chakula, kisha ndipo kanjo waje, kama bado kuna haja.

Leseni za wauza chakula ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limesema hivyo. Tunaomba utaratibu huu uandikwe na utangazwe kabla ya mvua za masika.

Wako,
Mkazi wa Kongowea