Msimamizi wa zamu ya usiku asipangiwe wodi

Mhariri,

Juma zima lina saa 168. Ofisi za hospitali zetu za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa 40. Saa 128 zilizobaki, za usiku, wikiendi na sikukuu, Mganga Mfawidhi yuko kwake, Muuguzi Mfawidhi yuko kwake, stoo ina kufuli na fundi anatafutwa kwa simu. Anayebaki na hospitali mkononi ni muuguzi mmoja, msimamizi wa zamu, au supavaiza kama anavyoitwa wodini. Zipo hospitali zinazompa mtu jina hilo huku zimempangia wodi yake yenye wagonjwa na dawa za kugawa. Huyo hasimamii kitu, kwa sababu akitoka ameacha wagonjwa na asipotoka hajui kinachoendelea jengo la pili.

Wengi hudhani kazi yake ni kuzunguka na daftari kuangalia nani amesinzia. Kazi ya kwanza hasa ni hesabu ya watu. Akishapokea ripoti ya jioni anataka kujua nani hajafika na wodi ipi ni nzito usiku huo, na uzito haupimwi kwa idadi ya vitanda. Wagonjwa 30 wanaongoja kuruhusiwa kesho ni wepesi kuliko watano walio kwenye oksijeni.

Tuseme leba ina wakunga wawili. Saa 6 usiku mama mmoja anapewa rufaa, na mkunga lazima apande naye gari la wagonjwa. Anabaki mmoja, na kinamama wawili wameanza kusukuma. Kosa la kawaida hapa ni kumchukua muuguzi yeyote aliye karibu, hata wa wodi ya wanaume ambaye hajazalisha kwa miaka, na kumtupa leba. Msimamizi anayeijua kazi husogeza watu hatua moja moja: mkunga wa wodi ya waliojifungua anaingia leba, na yule wa wodi ya wanaume anakwenda kushika nafasi ya mkunga. Hilo huamuliwa kwa dakika chache, na haliwezekani kwa mtu asiyejua usiku ule nani yuko wapi na anaweza nini. Mwanafunzi wa uuguzi asihesabiwe kuwa mtu kamili kwenye hesabu hii, hata awe hodari namna gani.

Halafu oksijeni. Kusema "mtungi upo" hakutoshi, lazima isomwe geji, ile saa ya mtungi inayoonyesha presha ya gesi iliyobaki. Chukua mtungi mkubwa wenye ujazo wa lita 47 ambao geji inasoma baa 60. Zidisha lita kwa baa: una lita 2,820 za gesi. Mgonjwa anayevuta lita 5 kwa dakika anamaliza lita 300 kwa saa, kwa hiyo mtungi huo utadumu kwa muda wa saa tisa na ushei. Ukisoma geji saa 2 usiku, gesi inakwisha mnamo saa 11:20 alfajiri, na wagonjwa wakiwa wawili kwa kiwango hicho haifiki hata saa 7 usiku. Mtungi wa pili unatakiwa uwe umesimama wodini, umefungwa mnyororo usianguke, kabla mtunza stoo hajaondoka na ufunguo. Spana nayo iwepo. Mtungi uliojaa usio na spana ya kuufungulia ni chuma tu. Msimamizi aangalie pia washa, yaani kiringi cha kuziba, ya regulator (kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa mdomoni mwa mtungi), maana ikiwa imechakaa gesi huvujia pale huku kila mtu akidhani inamfikia mgonjwa. Na asiruhusu mtu apake mafuta wala grisi ili nati ilainike. Mafuta na oksijeni yenye presha vikikutana vinawaka. Wodi inayotegemea mashine ya kuzalisha oksijeni kwa umeme nayo iwekewe mtungi wa akiba, kwani umeme ukikatika mashine inazima palepale, na jenereta haiwaki kwa kutamaniwa: mafuta yapimwe jioni na betri ijaribiwe.

Jambo la chati ndilo linaloniudhi kuliko yote. Shika chati za wodi moja uitazame safu ya upumuaji peke yake. Saa 4 usiku, pumzi 20 kwa dakika. Saa 8 usiku, 20. Saa 12 asubuhi, 20. Kitanda cha pili, 20. Cha tatu, 20. Wagonjwa wote wanapumua kama askari wa gwaride. Hapo hakuna aliyehesabu. Zimejazwa kwa mkupuo alfajiri. Upumuaji huhesabiwa kwa dakika moja kamili, kifua kikiangaliwa, na mara nyingi hupanda mapema, presha ikiwa bado inaonekana nzuri. Kugombeza hakusaidii, hasa kama muuguzi mmoja ana vitanda 40. Msimamizi achague wagonjwa wawili au watatu, ahesabu mwenyewe, alinganishe. Tena asizunguke kwa saa zilezile kila siku. Akijulikana kuwa hupita saa 3, saa 8 na saa 11, atakuta kila kitu kimepangwa saa 3, saa 8 na saa 11.

Kumwita daktari nako kuna namna yake. Daktari aliye mafunzoni anaogopa kumwamsha daktari bingwa, muuguzi anamwogopa daktari, na kati ya hofu hizo mbili mgonjwa anaishiwa damu. Msimamizi apige simu mwenyewe na aseme kwa mpangilio: mgonjwa ni nani, nini kimebadilika na tangu saa ngapi, vipimo vinasomekaje, anaomba nini. "Mgonjwa hayuko vizuri" si taarifa. "Amejifungua saa 7, ametoka damu zaidi ya lita moja, presha 80 kwa 50, tunaomba uje thieta" ni taarifa. Saa ya kupiga na jibu viandikwe. Simu isipopokelewa, apande ngazi inayofuata bila kuomba radhi. Anayeitisha damu akumbuke kwamba ikishatoka kwenye friji ianze kuingia ndani ya nusu saa na iishe ndani ya saa nne. Isiletwe mapema ikalale mezani. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua, nayo inataka nyuzi 2 hadi 8, na friji ya leba iliyozimika tangu jioni hugunduliwa pale mama anapoendelea kutoka damu baada ya sindano.

Dawa kali za maumivu kama mofini na pethidini zihesabiwe na watu wawili, anayetoka na anayeingia, vichupa vitupu vikiwa mbele yao. Hili halina mjadala.

Ombi langu kwa kamati za uongozi wa hospitali ni la karatasi moja. Iandikwe kwamba kwa saa hizo msimamizi hana wodi, anaweza kumhamisha muuguzi yeyote, kufungua stoo ya dharura akiwa na shahidi, kuamuru gari la wagonjwa liondoke, na kumpigia bingwa moja kwa moja. Ibandikwe wodini na mapokezi. Chini yake iwekwe namba ya simu ya zamu, isiwe ya mtu: simu inayokabidhiwa pamoja na funguo kila zamu inapobadilishana, ili ndugu wa mgonjwa aliyekosa jibu wodini naye ajue pa kupiga. Nayo iwe na salio. Najua si jambo la kuandikiwa gazeti, lakini saa 9 usiku bingwa anaitwa kwa vocha ya muuguzi.

Muuguzi,
Morogoro