Mwigizaji hachaguliwi kwa picha ya jaladani

Mhariri,

Msomaji wako wa Nakuru alipendekeza majuzi kwamba kampuni za filamu za Marekani ziwe zinawapigisha mashabiki kura kabla ya kumpa mtu yeyote nafasi ya shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kilichomchoma hasa ni Robert Downey Jr., ambaye alikuwa Iron Man kuanzia 2008, akafa kishujaa katika filamu ya 2019, halafu Julai 2024 akavua barakoa jukwaani kule San Diego na kutangazwa kuwa sasa ni Doctor Doom, adui wa wote. Filamu yenyewe inatarajiwa Desemba 2026. Ndugu yetu anasema watoto watachanganyikiwa.

Watoto hawachanganyikiwi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Ahero na ndimi mlezi wa chama cha drama. Kijana anayeigiza chifu muhula huu, muhula ujao ni mlevi wa chang'aa, na hakuna mtoto wa kidato cha kwanza aliyewahi kunijia akilia kwamba chifu ameharibika. Wanaochanganyikiwa ni watu wazima waliokwisha kumtengeneza shujaa vichwani mwao, wakampaka rangi, wakampima urefu, kisha wakakasirika alipokuja mwingine.

Nieleze kazi hii inavyofanywa, kwa sababu naona ndipo msomaji wa Nakuru alipopotea njia. Ukipata mswada wa mchezo, humtafuti mtu anayefanana na mhusika. Unatafuta ukurasa mgumu kuliko yote, unajiuliza ni nani shuleni anaweza kuubeba. Huyo ndiye unayempa nafasi, awe mrefu, awe mfupi. Yaliyobaki ni mavazi, mwanga na mazoezi.

Wakati mmoja tulitunga mchezo wa Luanda Magere. Kwa wasomaji wa mbali, huyu ni shujaa wa Wajaluo wa hapa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi ilimgonga ikadunda. Walipoona hawamwezi, wakampelekea binti mrembo awe mkewe. Siku moja Magere akaugua, akamtaka mke amchanje amtie dawa, na kwa kuwa wembe haukuingia mwilini, akamwambia achanje kivuli chake. Kivuli kikatoka damu. Binti akatoroka na siri hiyo hadi kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukachomwa kwenye kivuli, shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Shuleni tulikuwa na mchezaji wa raga, kifua kama mlango wa ghala la mchele. Wanafunzi, walimu, hata bawabu, wote walikuwa wamekwisha kumpa nafasi ile kabla sijafungua mdomo. Mimi nikampa kijana mwembamba kutoka Nyakach, mtoto mwenye sauti ya chini na macho yasiyotulia. Paredi ya asubuhi iliyofuata iligeuka kicheko. Mzee mmoja wa chama cha wazazi alifunga safari hadi ofisini na bakora yake.

"Japuonj (mwalimu), huyu ndiye Magere? Hata upepo wa ziwa utamwangusha."

"Jaduong' (mzee), vita ni dakika mbili," nikamwambia. "Ugonjwa ni dakika kumi."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Lakini mchezo ule wote unasimama au kuanguka pale kitandani, mtu ambaye hajawahi kuumia anapoona kwa mara ya kwanza kwamba anaweza kufa, na anaamua kumwamini mtu mmoja. Yule wa raga alijua kubeba ngao; kuugua hakukuwezekana kabisa, kila akilala kitandani alionekana anapumzika baada ya mechi. Nikampa ujemadari wa Wanandi, akaufurahia mno. Hatukushinda, Mhariri. Waamuzi walitupunguzia alama kwa sababu taa ya kutengeneza kivuli ilikuwa inazimika na kuwaka itakavyo. Lakini kina mama waliokuja kutazama walimzomea mke wa Magere hadi yule binti akasahau maneno yake. Na jambo la kuchekesha ni kwamba binti huyo alikuwa Mjaluo wa Awasi, wala hakuna mzee aliyekuja na bakora kuuliza mbona si Mnandi.

Sasa mtazame Michael Keaton. Mwaka 1988 alipotangazwa kuwa Batman, inasemekana barua za malalamiko zipatazo 50,000 zilimiminika kwa kampuni ya Warner Bros. Wakati huo hapakuwa na simu za kubofya. Mtu alinunua stempu. Keaton alijulikana kwa vichekesho. Hakuwa na misuli, hakuwa na kile kidevu cha kwenye vitabu vya katuni. Mwongozaji Tim Burton alikuwa ametoka kufanya naye kazi, na hoja yake ilikuwa ya mtu wa jukwaani: jitu lenye nguvu lina haja gani ya kuvaa kama popo? Anayehitaji vazi la kutisha watu ni mtu wa kawaida. Misuli ikafinyangwa kwa mpira ndani ya vazi. Ukurasa mgumu wa Batman ni yule tajiri asiyeweza kulala kwa sababu wazazi wake waliuawa mbele yake, na ukurasa huo Keaton aliuweza. Filamu ikatoka 1989, barua zikasahaulika. Aliporudi kwenye vazi lile mwaka 2023, akiwa amepita umri wa miaka 70, yeye ndiye aliyekuwa chambo cha matangazo.

Ya Heath Ledger yanajulikana, sitayarefusha. Mwaka 2006 walimcheka kwamba kijana wa filamu za mapenzi hawezi kuwa Joker, adui wa Batman. Alifariki Januari 2008 kabla filamu haijatoka, na Februari 2009 familia yake ikampokelea tuzo ya Oscar. Hugh Jackman, aliyeigiza Wolverine, shujaa mwenye makucha, ndiye ninayempenda kumtaja darasani. Wolverine wa vitabuni ni mfupi, kama sentimita 160 hivi. Jackman amepita 185, na kabla ya hapo alikuwa akiimba katika michezo ya jukwaani. Tena hakuwa chaguo la kwanza: aliyechaguliwa, Dougray Scott, alicheleweshwa na filamu nyingine. Jackman aliingia 2000, na mwaka 2024 bado alikuwa na makucha yake mikononi. Leo ukimleta Wolverine wa sentimita 160, mashabiki wale wale wataandamana.

Kuna malalamiko ya aina nyingine, na haya siyapi kiti. Idris Elba, mwigizaji mweusi wa Uingereza, alipopewa nafasi ya Heimdall, mlinzi wa lango la miungu, katika filamu ya Thor ya 2011, walizuka watu Marekani kutaka isusiwe, eti miungu ya watu wa kaskazini mwa Ulaya haiwezi kuwa na Mwafrika. Elba mwenyewe alishangaa kwamba nyundo ya Thor inayoruka na kumrudia mwenyewe haikumsumbua mtu, ila ngozi yake. Mwaka 2018 Anna Diop, mzaliwa wa Senegali, alitukanwa mitandaoni mpaka akafunga maoni kwenye ukurasa wake kwa kuchaguliwa kuwa Starfire katika tamthilia ya televisheni. Starfire wa vitabuni ana ngozi ya rangi ya chungwa. Ningependa sana kujua ni mwigizaji gani wa rangi ya chungwa aliyekuwa akingojea nafasi hiyo.

Lakini tusijifanye watakatifu sisi wa kando ya ziwa. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilipozinduliwa hapa Kisumu, Gavana Anyang' Nyong'o alikuwapo, na shangwe yote ilikuwa ya binti yake, Lupita, aliyeigiza Nakia. Mji ulijiona umecheza wenyewe. Baadaye mwanafunzi wangu mmoja, mmoja wa wale wanaovijua vitabu vya katuni kuliko wanavyojua ngeli, akaniambia kwamba Nakia wa vitabuni si yule kabisa: ni mlinzi wa mfalme anayepofushwa na mapenzi hadi anageuka adui aitwaye Malice. Filamu ilimgeuza kuwa jasusi mwenye busara. Kwa kipimo cha msomaji wa Nakuru, hapo tungelalamika kuliko wote. Nani alilalamika huku Kondele, mtaa wa Kisumu? Tena Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, inasemekana iko huku Afrika Mashariki, na wenyeji wake wanazungumza Kixhosa, kwa sababu mzee John Kani wa Afrika Kusini alikitumia alipoigiza baba wa mfalme mwaka 2016, kikabaki. Tulikaa tukasikiliza yale makofi ya ulimi tukapiga vigelegele. Akichaguliwa wa kwetu, ulinganifu na vitabu unakuwa jambo dogo sana.

Simdharau shabiki, na hapa ndipo nitakapokubaliana naye kidogo. Hasira yake ina kazi. Tatizo ni kwamba huitumia yote siku ya kutangazwa kwa jina, na filamu ikitoka hasira hiyo haina nguvu tena. Chukua mfano wa Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1979 aliyekulia California. Mwaka 2011 alipewa nafasi ya Darwin katika filamu ya X-Men. Nguvu ya Darwin ni kwamba mwili wake hujibadilisha ili aishi, lolote limpate: ukimtupa majini anaota matamvua. Basi waandishi wa filamu wakamuua mapema, kabla hajatumia nguvu zile ipasavyo. Kumchagua Gathegi hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumchukua mtu wa uwezo ule na kumnyima ukurasa mgumu. Hapo ndipo stempu zingenunuliwa! Mwaka 2025 mwongozaji James Gunn akampa nafasi ya Mister Terrific katika filamu ya Superman, mtu mwenye akili nyingi na subira kidogo, na wanafunzi wangu walipoipata filamu ile kwenye flashi walikuwa wakirudia pigano lake la ufuoni bwenini hadi mwalimu wa zamu akaichukua flashi yenyewe. Bado anayo, nadhani na yeye anarudia.

Michael B. Jordan hali kadhalika. Mwaka 2015 alitukanwa kwa kuwa Mwenge wa Binadamu (Human Torch) mweusi katika Fantastic Four, ambaye dada yake ni mweupe. Filamu ikaanguka, na waliomtukana wakasema, mmeona? Baada ya miaka mitatu, mtu yule yule, ngozi ile ile, alikuwa Killmonger, adui wa mfalme katika Black Panther, na kuna waliotoka ukumbini wakimwonea huruma adui kuliko mfalme. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi. Halle Berry alikuwa na Oscar yake tayari alipovaa ngozi ya Catwoman, mwanamke-paka, mwaka 2004. Filamu ikawa mbovu kiasi kwamba alipopewa tuzo ya mzaha ya mwigizaji mbaya alikwenda mwenyewe kuipokea, na Oscar mkononi. Mwanamke yule nampigia saluti. Ryan Reynolds naye alichaguliwa kuwa Deadpool, msemaji asiyenyamaza, na filamu ya 2009 ikamziba mdomo kwa kuushona. Miaka saba baadaye walimwachia mdomo, sote tukaona.

Kwa hiyo kura ya msomaji wa Nakuru ingepigwa lini? Kabla mswada haujasomwa na yeyote? Keaton asingepita. Ledger asingepita. Jackman angeambiwa ni mrefu mno. Na yule mtoto wangu wa Nyakach angekuwa anashika pazia. Mimi nisingepinga kura ya baada ya filamu, ile ya kumpigia mwandishi na mwongozaji, kwa majina yao, siyo uso ulio kwenye bango.

Nina ombi moja kwako, Mhariri, na usilikate kama ulivyokata aya zangu mbili mara iliyopita. Ukurasa wako wa burudani huchapa picha kubwa siku mwigizaji anapotangazwa, na maoni ya watu wa mitandaoni chini yake. Filamu ikifika kumbini Kisumu na Nakuru, siku hiyo tunapata habari za nani ameachana na nani. Tengeni nafasi ya uhakiki, kwa Kiswahili, uandikwe na mtu aliyeitazama filamu hadi mwisho: mwigizaji alipewa nini cha kufanya, akakifanyaje, na kama kimeharibika, kimeharibiwa na nani. Mchukueni hata huyo ndugu wa Nakuru aandike ule wa Doctor Doom, na mimi nitaandika wangu kutoka huku Ahero, bila malipo, mchape yote mawili kando kwa kando Januari tukishafungua shule.

Mwalimu mlezi wa drama,
Ahero, Kaunti ya Kisumu.