Mafuta ya difu katika magari ya rimoti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wapenzi wa mbio za magari madogo ya rimoti hulifanya kwa mazoea tu, yaani kujaza difu (kifaa cha gia kinachoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) mafuta ya silikoni. Wengi huamini kuwa mafuta mazito ndiyo bora kila mahali, ilhali gari la ukubwa wa 1/8 (sehemu moja ya nane ya gari halisi) lenye difu tatu huhitaji uzito tofauti: aghalabu ya mbele na ya kati hutiwa mafuta ya sentistoki (kipimo cha jinsi mafuta yalivyo mazito) 5,000 hadi 7,000, na ya nyuma 2,000 au 3,000, kwa sababu mafuta mazito mno nyuma huyabana magurudumu mawili yazunguke kwa kasi inayokaribiana, na mkia wa gari ukateleza kwenye kona.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kujaza hadi pomoni. Silikoni hutanuka inapopata joto, na isipoachiwa nafasi hupenya kwenye oringi na gasketi, ikavuja. Inatosha kutia mafuta hadi yafunike gia ndogo za ndani, kuzizungusha taratibu, kisha kuiacha difu wazi mpaka viputo vya hewa vipande juu (na kwa mafuta mazito subira inahitajika kwelikweli), ndipo kifuniko kirudishwe na skrubu zikazwe kwa kupishana.

Ningewaomba pia wauzaji waache kutuuzia chupa zisizoonyesha sentistoki, kwani neno "nzito" peke yake halimsaidii fundi yeyote.

Mpenzi wa magari ya rimoti,
Dar es Salaam