Kwa mwanangu aliyeicheka 641

Mwanangu,

Harusi imepita, kamati imevunjwa, hata deni la ukumbi limelipwa. Kilichonikwama kooni ni ile 641.

Ulisimama na simu yako mbele za watu ukatangaza kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, programu imeshapima. Mtoto wa dada yako akaandika 641 nyuma ya kadi ya mchango, akakusogezea. Ukaikunja bila kuisoma, ukamwambia akasaidie kuosha vyombo. Watu wakacheka. Hilo sijalisamehe.

Kaa sasa uzidishe 6,700,417 kwa 641, kwa mkono. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni yenyewe. Jumlisha, uone unapata nini.

Kichwa chako ni chepesi kuliko vyetu sote, ndiyo maana linaniuma. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Fermat naye, mwaka 1640, aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537, za muundo huo huo kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, zote ni tasa, akaamini zinazofuata ni hivyo hivyo. Mwanahisabati mwenzake, Euler, akaivunja hii mwaka 1732. Kwa hiyo hukukosea peke yako. Ila Fermat hakumfukuza mtu kwenda jikoni.

Programu yako ilipima kwa 2 tu. Tuite namba inayopimwa p. Ikiwa p ni tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha (p toa 1), ukigawanya kwa p, huacha baki 1. Kinyume chake si lazima. Hapa 2 kwa kipeo cha 32 huacha −1, yaani imepungua 1 tu kufikia namba yenyewe, kwa hiyo kipeo cha 64 huacha 1. Kipeo ulichopimia, 4,294,967,296, kinagawanyika kwa 64 bila baki. Jibu lingekuwa 1 tu, iwe tasa isiwe tasa. Mtihani gani huo usiomfelisha mtu? Pima kwa 3, kwa njia ya mwanahisabati Pépin ya 1877: toa 1 kwenye namba, kisha nusu yake ndiyo iwe kipeo. Baki lisipokuwa −1, si tasa. Na usiihifadhi namba hiyo kwenye nafasi ya biti 32 ya kompyuta, haitoshi, itageuka kuwa 1.

Mtoto hakubahatisha. Mwanahisabati Lucas alionyesha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii ni kigawe cha 128, ongeza 1. Orodhesha: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa hapo ni 257 na 641 tu. 257 huacha baki 2. Ya pili ndiyo yenyewe. Majaribio mawili, badala ya kupita tasa 6,542 zilizo chini ya 65,536, takriban kipeuo cha pili cha namba hiyo!

Nasikia unasema mimi, shangazi yako, ndiye niliyemtia kiburi. Nilimfundisha kugawanya na kutazama baki, kama nilivyokufundisha wewe. Ulitaka nimfundishe kunyamaza?

Mpigie simu, mwanangu. Muivunje pamoja inayofuata, 2 kwa kipeo cha 64, ongeza 1. Hapo mnatumia vigawe vya 256, ongeza 1, na mtafika cha 1,071 kabla haijaachia: 274,177.