Nyangumi husubiriwa, hakimbizwi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila mwaka Kusi ikishika, nyangumi wa nundu huanza kupita mwambao wetu, na boti za kuwapeleka wageni huongezeka kuanzia Watamu hadi Diani, Wasini na Kizimkazi, Zanzibar. Pamoja nazo huongezeka mchezo mmoja mbaya: boti nne au tano zinamwandama mama na ndama wake, kila nahodha akitaka abiria wake ndio wapate picha ya karibu. Mwisho wake wote hurudi na picha ya mgongo mweusi unaozama. Hii si kazi ya mbio. Anayejua kusubiri ndiye anayemwona nyangumi mzima.

Kwanza ieleweke kwa nini wako hapa. Nyangumi wa nundu hula uduvi katika bahari ya barafu ya Antaktika, kisha husafiri zaidi ya kilomita 6,000 kuja maji ya joto kuzaa na kupandana. Kwetu huonekana zaidi Julai hadi Oktoba. Muda wote huo mkubwa huwa karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na mama hunyonyesha kutokana na akiba hiyohiyo. Ndama huzaliwa na urefu wa mita 4 na zaidi, na lazima anenepe kwa wiki chache kabla ya kuanza safari ya kusini. Kila mara boti inapomkurupusha, yale mafuta ndiyo yanayoungua. Ndiyo maana tunasema ndama asikaribiwe kabisa ndani ya mita 300, hata kama mama anaonekana mtulivu.

Tatizo la pwani yetu ni kwamba msimu wa nyangumi ni msimu wa Kusi, na Kusi haina huruma kwa boti ndogo. Dawa ni kuondoka mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi au kabla, na kuwa mmeshageuza kabla ya saa tano, maana upepo huzidi kadiri jua linavyopanda. Povu jeupe likitapakaa juu ya mawimbi, mvuke wa nyangumi hauonekani tena hata kwa darubini, na ni afadhali kurudi kuliko kuwatapisha watu bure. Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau: kwetu jua huchomoza upande wa bahari. Ukisimama karibu na mwamba asubuhi na kutazama nje, unatazama mng'aro mtupu. Toka kwanza, vuka mlango wa mwamba, nenda maili mbili au tatu nje, halafu geuka utazame bara, jua likiwa mgongoni. Darubini ya 7x50, yaani inayokuza mara saba, inatosha. Zenye nguvu zaidi hutikisika mno botini.

Kitu cha kwanza kuonekana huwa ni pumzi yake, mara chache mwili. Ya nyangumi wa nundu ni mvuke mnene kama kichaka, unapanda mita 3 hivi kisha unapeperuka. Tazama saa yako hapohapo. Kwa kawaida atapumua mara kadhaa, akiachanisha kwa sekunde chache tu, kisha atakunja mgongo na kuinua mkia. Huo ndio mwisho. Amezama, na huenda akakaa chini dakika 5 hadi 15. Juu ya maji hubaki duara laini, kama limemwagiwa mafuta. Nahodha mgeni wa kazi hii hulikimbilia duara hilo, na hapo ndipo anapoharibu: nyangumi hayupo tena pale, na injini imekwisha kumwambia boti iko wapi na inataka nini. Sauti majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na rafadha, yaani lile panga la injini linalosukuma boti, ikizungushwa kwa kasi hupasua viputo vinavyopiga kelele kubwa kuliko injini yenyewe. Tulia palepale, hesabu dakika, tazama upande aliokuwa akielekea. Mara nyingi ataibuka mbele kwenye mstari uleule.

Sasa namna ya kumkaribia. Umbali wa mita 300 punguza hadi noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa, mwendo usioacha mkia wa povu nyuma ya boti. Ingia kwa ubavuni, nyuma kidogo ya katikati ya mwili wake, mkienda sambamba. Usimjie kwa mbele, wala usimfuate kutoka nyuma kabisa: macho yake yako ubavuni, na boti iliyo nyuma kabisa au mbele kabisa humtia wasiwasi kwa kuwa anaisikia bila kuiona. Mita 100 ndiyo mwisho wako. Kama huna kipimo, fikiria uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli; mita 300 ni viwanja vitatu. Viwango hivi havijatoka kichwani mwetu, Australia wanavitumia kwenye mwongozo wao wa taifa, pamoja na sharti la boti zisizozidi tatu kwa wakati mmoja ndani ya ule mduara wa mita 300. Sisi tungeongeza kwamba boti zote tatu zikae upande mmoja, zizungumze kwa redio, na kila moja iondoke baada ya dakika 20 ili nyingine iingie. Boti zikikaa pande mbili, mnyama hujiona amewekwa uchochoroni.

Akiamua yeye kukusogelea, na hutokea, hasa wale vijana, weka gia huru na uache injini ikinguruma taratibu. Usiizime ghafla. Nyangumi wa nundu hana uwezo wa pomboo wa kupima umbali kwa mwangwi, na boti iliyonyamaza inayosukumwa na mkondo ni gogo asilolijua. Wala usirudi nyuma kwa gia ya kinyume, maana hiyo ndiyo yenye kelele kuliko zote. Subiri apite, na usikanyage mafuta mpaka awe mita 300.

Ndama peke yake juu ya maji hajapotea. Tunalirudia hili kwa sababu kila msimu hupatikana mtu mwema anayetaka kumwokoa. Ndama hana pumzi ndefu, hivyo huibuka kila baada ya dakika chache, huku mama akiwa amepumzika chini yake. Ukimsogelea, utakuwa umejiweka baina yao, na hapo jihadhari na wewe mwenyewe: mama ana tani 25 hadi 40. Akijipenyeza kati ya boti na mtoto, akipiga maji kwa mkia mara kwa mara, akipumua kwa mlio kama wa tarumbeta, au akianza kubadili njia kila anapoibuka, amekwisha kusema. Ondoka polepole.

Kuna dogo linaloharibu safari nyingi, nalo ni mtindo wa kuelekeza kwa saa. Wageni wamefundishwa kwamba omo, yaani mbele ya boti, ni kumi na mbili ya bamba la saa na kulia ni tatu. Lakini kwa saa zetu, ikiwa saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tarakimu 9. Kijana wa boti akipaza "saa tatu!", Mzungu anageuka kulia, Mswahili kushoto, na nyangumi anazama wakiwa bado wanabishana. Semeni kulia, kushoto, omo au tezi (nyuma ya boti), basi.

Wageni wengi siku hizi huulizia orka, yule mweusi mwenye baka jeupe nyuma ya jicho, kwa kuwa wamemwona kwenye simu. Orka ni wa jamii ya pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote, na yuko katika bahari zote za dunia, hata hii yetu, ila hapa huonekana kwa nadra na hana msimu. Asiuzwe kwenye tiketi. Dume hutambulika kwa pezi la mgongoni lililosimama wima, linaloweza kufika mita 1.8, la jike ni fupi, chini ya mita 1, na limepinda kidogo. Chunga usidanganyike: nyangumi wa nundu akilala ubavu huinua pezi la kifuani, refu karibu theluthi ya mwili wake, na kwa mbali wengi hupiga kelele "orka!". Pezi la orka hukata maji likisonga mbele. Lile la nundu huelea, huyumba, kisha huangukia ubavuni kwa kishindo. Ukienda kwenye kina kirefu nje ya Pemba, unaweza kukutana na nyangumi wa ambari. Huyo mvuke wake hauchupi juu, umelala kwenda mbele na kushoto, na akizama anaweza kukaa chini karibu saa nzima, kwa hiyo aliyemkosa aendelee na safari yake.

Tukiwa kwenye orka, tutazame yaliyowapata wenzetu. Kwenye maji yaliyo baina ya jimbo la Washington, Marekani, na British Columbia, Kanada, kuna kundi la orka wanaokula samaki, hasa samoni wakubwa, na huwawinda kwa kusikiliza mwangwi. Boti zikiwazunguka, kelele huwafunika samaki wao. Kundi hilo liliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya walio hatarini kutoweka mwaka 2005. Mwaka 2011 boti zilitakiwa kukaa yadi 200. Kuanzia Januari 2025 sheria ya Washington inataka yadi 1,000, karibu mita 914. Samaki kupungua na sumu baharini zina mchango wao, hatuwasingizii mabaharia peke yao. Ila waliokuwa wakiona mita 100 ni mbali, leo wanatazama kutoka karibu kilomita nzima.

Picha zina faida kuliko sifa za mitandaoni. Katika maji hayohayo, mtafiti Michael Bigg alionyesha miaka ya 1970 kwamba kila orka anatambulika kwa pezi lake na baka la mgongoni. Nyangumi wa nundu hutambulika kwa upande wa chini wa mkia: weusi na weupe wake, makovu na ukingo wake havifanani na vya mwingine. Kwa hiyo picha yenye maana ni ile ya wakati anazama, ukiwa nyuma yake kwa umbali, mkia ukiwa wima. Weka kasi ya kamera 1/1000 ya sekunde au zaidi. Chini ya hapo mtikisiko wa boti huifuta. Kwa simu, usivute picha kwa vidole, piga kama ilivyo kisha ukate baadaye. Andika tarehe, saa, mahali kwa GPS, idadi, kama kuna ndama, na uelekeo. Mtandao wa Happywhale hupokea picha za mikia na kuzilinganisha kwa kompyuta, hivyo mkia wa Watamu unaweza kukutwa umewahi kupigwa picha kwingine.

Kwa wavuvi wenzetu: nyangumi akinaswa kwenye jarife, msiruke majini. Tena msikate kamba inayoburuta nyuma yenye boya. Tunajua mkono unawasha, lakini kamba hiyo ndiyo mshikio wa watu wenye mafunzo. Ikikatwa, mnyama huondoka na nyavu zilizombana mwilini, na hapatikani tena. Chukueni mahali alipo, mkae mbali mkimtazama, na taarifa ifike KWS, shirika la wanyamapori, upande wa Kenya au mamlaka ya hifadhi za bahari upande wa Tanzania.

Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi yao mwaka 1979, lakini hifadhi hiyo inazuia uwindaji wa biashara, haimzuii nahodha mwenye haraka. Tunaomba mamlaka za pande zote mbili zibandike tarakimu tulizotaja kwenye kila boti ya wageni kabla ya Juni, mahali abiria wanapoweza kuzisoma, maana anayemsukuma nahodha mara nyingi ni abiria aliyelipa. Na wenye boti waache kuahidi "lazima mtaona". Ahadi hiyo ndiyo inayoanzisha mbio.

Kwako mhariri tuna ombi jepesi. Picha ya boti iliyogusana na nyangumi isitolewe kwa maneno ya pongezi. Na papa potwe wa Kilindoni, Mafia, asiandikwe tena kuwa nyangumi: ni samaki, anapumua kwa mashavu. Hata kwa mbali wanatofautiana, mkia wa papa umesimama wima na hupiga kulia na kushoto, wa nyangumi umelala na hupiga juu na chini.

Manahodha na waongoza wageni,
Watamu