Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Kuhusu Shughuli za Chama na Corvette Yetu ya 1954

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na poleni na shifti. Mwaka tumeumaliza salama. Vikao tulipanga 12, tukakaa 7. Misiba tulichangia 2, harusi 1. Mwezi wa 5 tulikwenda Makumbusho ya Corvette, yale magari ya michezo ya kampuni ya Chevrolet, hapa hapa Bowling Green, Kentucky, kuiona ile nyeusi ya 1962, mojawapo ya magari 8 yaliyomezwa na ardhi tarehe 12 Februari 2014, jinsi ilivyotengenezwa ikarudi kuwa kama mpya. Waliothibitisha kuja walikuwa 23. Tulifika 6, mmoja wao mjukuu wangu. Mengine katibu aliwatumia kwenye simu.

Sasa suala la injini, maana najua ndilo linalosemwa huko nje.

Lawama ni kwamba mwenyekiti aliamua peke yake kuifufua injini ya zamani ya silinda sita badala ya kufunga V8, yaani ya silinda nane. Si peke yangu. Tulikuwa watu 8. Katiba yetu inataka 15, hilo nakiri. Lakini tangazo lilitoka wiki tatu kabla, nikakumbusha mara mbili, na kwa mikono yangu nikapanga viti 40, kisha nikavikunja 32 ambavyo havikukaliwa na mtu. Fundi wa kuchonga injini alitaka jibu Jumatatu. Nimwambie asubiri akidi ya watu waliolala?

V8 ingekuwa nafuu, sikatai, na spea zake zimejaa kila mahali. Wanaosema kwamba Chevrolet wenyewe waliweka V8 mwaka 1955 nao hawajakosea. Ila gari letu si la 1955. Kibati kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaanza na E54S: 54 ni mwaka, S ni St. Louis lilikoundwa. Mwaka ule zilitoka Corvette 3,640, zote silinda sita, gia ya otomatiki ya hatua mbili. Wamarekani wa wakati ule walinung'unika kama mnavyonung'unika ninyi, kwamba sura ni ya gari la mbio na mwendo ni wa gari la kupeleka watoto kanisani. Nyingi zilidoda, na mwaka uliofuata zikaundwa 700 tu. Sasa injini hiyo tukiitoa, tumebaki na nini zaidi ya bodi ya faiba?

Tena namba ya injini, nilipoisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka ikasomeka, iliishia na YG. Yaani ni injini ya Corvette ya mwaka ule ule, haikuokotwa kwenye lori la mtu. Tunaishi mji ambao Corvette zinaundwa tangu 1981. Jirani akifunuliwa boneti akakuta V8 ndani ya gari la 1954, atatabasamu kwa adabu na kuaga.

Wengi hamkuiona kazi ya kabureta. Ziko tatu, zimelala ubavu, na moja ikivuta hewa kuliko wenzake injini inakohoa. Nilikata kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Nasikiliza, nazungusha skrubu kidogo, nahamia ya pili, ya tatu, narudi ya kwanza, mpaka mvumo ukawa mmoja. Jumamosi nne hizo. Na kabla ya hapo kuna miezi ya kupiga msasa bodi; vumbi la faiba linawasha kama upupu, mke wangu akanipiga marufuku kukaa kwenye kochi. Sisemi haya kujisifu. Mweka hazina alikuwepo Jumamosi ya mwisho, alishika tochi.

Wapo pia wanaouliza kwa nini milango haina vioo vya kupandisha wala vitasa vya nje. Halikuzaliwa navyo. Ingiza mkono ndani ufungue.

Fedha. Ada, salio la mwaka jana na harambee vilifika dola 8,770. Injini ilikula 4,300. Kabureta, breki, taili na rangi 3,870. Chai, usafiri na rambirambi 510. Zimebaki dola 90. Zile 600 nilizotoa mfukoni mwangu sizidai, lakini naomba ziingie kwenye kumbukumbu.

Wanachama tuko 41. Waliolipa ada ya mwaka mzima ni 14, walioishia nusu ni 9, na 18 hawajatoa hata senti. Ni dola 10 kwa mwezi, ndugu zangu. Na baadhi ya hao 18 nimeona picha zao wamekaa kwenye usukani, wamevaa miwani ya jua.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kulipeleka gari kwenye maonyesho mawili matatu, kupata wafadhili, na kulitafutia pa kulala penye hadhi kuliko gereji yangu, ambayo hadi leo hakuna aliyeuliza kodi yake.

Kikao kijacho ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa 1, saa tisa alasiri. Viti nitapanga 15.

Wenu,
Mwenyekiti