Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Safari, Sanaa na Utamaduni Tunaouota

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenda sanaa na utamaduni hapa Mikindani. Mambo ya hesabu nitayagusa kwa kifupi, kwa kuwa mtunza hazina ameyaandika kwa ukamilifu katika kabrasha mlilogawiwa mlangoni. Itoshe kusema kwamba michango ilisuasua tangu Machi, ikakaribia kukauka kabisa katika miezi ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ambapo kila mwenye mikorosho anajua shilingi yake inakwenda wapi, kisha ikarejea kwa kasi malipo ya minada ya korosho yalipoanza kuingia. Simlaumu mtu. Nimejifunza tu kwamba kalenda ya chama hiki haiwezi kwenda kwa Januari na Desemba. Lazima ifuate korosho, na pendekezo ninalolileta leo limesimama juu ya jambo hilo.

Mtakumbuka kwamba katika kikao cha mwanzo wa Agosti mama mmoja mwanachama aliuliza: kama nauli isingekuwa kikwazo, kila mmoja wetu angependa kuutumia mwaka mzima akitembea wapi na kuona nini? Swali lilizunguka baraza lote. Karibu sote tulitaja mbali: Istanbul na misikiti yake, Roma, Cairo, na kijana mmoja akataja Rio de Janeiro kwa ajili ya kanivali. Mzee wetu fundi majahazi alijibu wa mwisho. Alisema yeye angependa kushuka Kilwa Kisiwani, kwa sababu ujanani aliipita mara nyingi kwa tanga na hajapata kuikanyaga. Tulipoulizana pale pale, ilibainika kwamba waliowahi kufika Kilwa Kisiwani hawakuzidi watu wanne barazani, nami mwenyekiti wenu sikuwamo. Siku ile ndipo wazo la mwaka wa ndoto lilipozaliwa, na kamati ikaona si haki kuliacha liishie kwenye maneno.

Kwa hiyo mwezi Septemba tulikwenda Kilwa, kwa basi dogo la kukodi hadi Nangurukuru na kisha Kilwa Masoko. Safari haikukosa dosari. Mwenye boti tuliyempa arubuni hakutokea, tukakaa gatini asubuhi nzima na wazee juani, na arubuni ile haijarudi hadi leo. Kamati inawaomba radhi, na tumeazimia kutolipa tena chombo chochote kabla ya kukiona majini. Tulivuka kwa mashua ya mtu mwingine, na tangu hapo hakuna aliyezungumzia joto.

Yapo mambo kuhusu Kilwa ambayo wengi wetu tuliyasoma shuleni tukayasahau. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika pale mwaka 1331, akausifu mji ule kwa uzuri wake. Sultani al-Hassan bin Sulaiman aliyemkuta ndiye anayehusishwa na ujenzi wa jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane juu ya ngema inayotazama bahari. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilisafiri mbali kuliko mwanachama yeyote wa chama hiki: tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa kwenye hatari hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza na kuyalinda.

Lakini somo la siku ile tulilipata kwa fundi wetu. Katika jumba la Makutani aliingia ndani ya chumba kisicho na dari, akanyoosha mikono kutoka ukuta hadi ukuta, akapiga hatua, akanyoosha tena, kisha akatuonyesha matundu yaliyopangana juu ya kuta. Ndimo boriti zilimolala, alisema. Boriti ya mkoko haiwezi kuzidi urefu wake, na ndiyo maana hata mtu angekuwa tajiri kiasi gani, vyumba vyake vilikuwa virefu lakini vyembamba. Alikwangua chokaa kwa ukucha, akaiweka kiganjani, akawaeleza vijana jinsi matumbawe yanavyochomwa juu ya rundo la magogo hadi yawe unga. Tulikuwa tumelipa mtembezaji, naye, kwa adabu kubwa, alinyamaza akasikiliza.

Kwa sababu ya saa ile moja naleta pendekezo hili: mwaka wetu wa ndoto uanzie kwetu, kisha utoke nje kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Uanze Desemba, korosho zikishalipwa, kwa safari ya Dar es Salaam kuliona lipiko, kinyago cha ngoma cha Kimakonde. Wengi wenu hamjaijua habari yake. Mwaka 1984 kinyago hicho kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa pamoja na vitu vingine. Mwaka 1990 kikatambuliwa katika jumba moja la makumbusho huko Geneva, Uswisi, na mazungumzo yakachukua miaka mingi hadi kiliporejeshwa mwaka 2010. Kitu cha nyanda zetu kilikaa ugenini miaka 26, na sisi ambao babu zetu walikichezea ngoma hatujakwenda hata kukipa pole ya safari. Mwezi Februari twende Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004. Tamasha la Bagamoyo nalo ni zuri, ila nashauri liwe la vijana wetu wa ngoma, ambao watajifunza mengi kwa wenzao wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kuliko sisi wazee.

Masika tubaki nyumbani na wachongaji. Miezi ya salfa, safari ziwe fupi na za gharama ndogo: kuvuka Msangamkuu, na kupanda Newala hadi Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini yako.

Kuhusu mapiko, yaani ngoma ya vinyago hivyo, naomba mnivumilie, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Baada ya mavuno, vijana wakitoka jandoni, ngoma hiyo huchezwa vijijini kwa wakati wake wenyewe. Lipiko huvaliwa kichwani kama kofia nzito, mchezaji akichungulia kupitia mdomo wake. Nywele zilizobandikwa juu yake ni za binadamu, na mwili wa mchezaji hufunikwa kwa nguo mpaka usione hata kidole. Anapoingia uwanjani, watoto hukimbia, na si kwa kuigiza. Nimesikia ushauri kwamba tuwalipe wachezaji waje Mikindani watuchezee nusu saa mbele ya wageni. Naupinga kwa heshima zote. Twende sisi, tukae tangu alasiri, tule ming'oko, viazi vya porini, pamoja na wenyeji, tungoje mpaka wao waone wakati umefika, na kamera zifungwe mpaka wazee wa kijiji watoe ruhusa. Kuvuka Ruvuma hadi Mueda, Msumbiji, kwa ndugu zetu wa ngoma hiyo hiyo, kumo katika ndoto yangu, lakini kamati haitapanga safari hiyo hadi hali ya usalama ya Cabo Delgado itakapotulia.

Safari ya mbali kuliko zote ni ya Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Wachimbaji walikuwa watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mifupa ile leo imesimamishwa Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, na watu hutoka duniani kote kuitazama. Ningependa siku moja mjumbe wetu asimame chini yake. Fedha hiyo hatunayo, wala sitawaahidi. Kufika kilimani Tendaguru tunaweza, na wapenda utamaduni wenzetu wa Lindi wamekubali kutuongoza, wakisema njia hupitika vizuri kabla ya mvua.

Naomba sasa mjadala ufunguliwe kwa kipengele hicho cha Tendaguru, kwa kuwa wenzetu wanasubiri jibu letu wiki hii. Fundi wetu ameshaweka mchango wake wa kwanza kwa mtunza hazina, na ameomba akae kiti cha mbele.